Springi Mbili Kabla ya Sabato

Fundi wa kwanza niliyempelekea pikapu yangu pale Kisii mjini aliizunguka mara mbili, akapiga teke tairi la nyuma, kisha akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu mwingine alikuwa bado anashuka.

"Mama, mzee iko wapi?" akauliza.

"Mzee gani?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari ndiye huyu unayeongea naye."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Sawa, mama. Lakini hii ni kazi ya springi. Ambia mzee akuje tuelewane."

Niliingia garini nikaufunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikashuka chenyewe, na nikaendesha hivyo hivyo hadi nyumbani, vumbi likinijaa mdomoni. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, watoto watatu, na hasira za kuwatosha watu sita.

Tuliishi upande wa Nyansiongo, kwenye shamba lililokuwa la mzungu mmoja kabla halijakatwa vipande na kugawiwa watu. Baba mkwe wangu alipata kipande, akatukatia sisi sehemu ya chini, na tukawa tunafuga ng'ombe wa maziwa kama majirani wote. Mume wangu alifanya kazi ya reli kule Nakuru na alikuja nyumbani mara chache. Yeye ndiye aliyeinunua hiyo pikapu, kuukuu, ya Kifaransa, rangi ya kijivu iliyobambuka. Yeye pia ndiye aliyenifundisha kuiendesha, akakaa nyumbani mpaka nikapata leseni, kisha akaniachia ufunguo na kurudi kazini.

Kila siku isipokuwa Jumamosi, nilikusanya maziwa ya majirani katika mikebe kumi mikubwa ya chuma na kuyapeleka kiwandani. Kazi hiyo niliipenda, wacha niseme wazi. Nilipenda kuamka kabla ya jogoo nikijua kwamba nyumba ishirini zinanisikiliza kama ninakuja. Nilipenda namna wanaume waliokuwa hawanisalimii sokoni walivyonyanyua mikebe yao haraka wakisikia honi yangu. Bila gari lile ningekuwa tu mke wa mtu aliye Nakuru, nangoja barua. Nikiwa nalo, nilikuwa mtu.

Lakini barabara ya kwenda kiwandani ilikuwa ya mawe, na pale mawe yalipoishia palikuwa na tope jeusi. Mikebe kumi, hata ikijaa nusu tu, ni mzigo wa kweli. Springi za nyuma zilichoka. Pikapu ikaanza kulala, hasa upande wa kulia anakokaa dereva, na kila tulipoingia shimoni ekseli iligonga chuma cha juu kwa kishindo kilichonipanda mpaka kwenye meno. Siku moja, tulipokuwa tukivuka daraja la mbao, kishindo kilikuwa kikubwa mno. Mikebe miwili iliruka, vifuniko vikatoka, maziwa ya watu yakamwagika barabarani yakashuka kwenye mtaro. Nilisimama nikayatazama. Machozi yalinitoka, na nililaani daraja, mawe na aliyezivumbua springi.

Wenye maziwa walikutana. Mwenyekiti wao alikuwa baba mkwe wangu, mwanamume mnene, mrefu, mzee wa kanisa letu la Wasabato, ambaye neno lake halikurudiwa mara mbili. Mimi sikuitwa kwenye mkutano. Niliambiwa uamuzi na mama mkwe, aliyekuja kwangu akakaa kwenye kigoda na kushika magoti yake kabla ya kusema.

"Baba yenu amesema hivi. Maziwa yakimwagika tena hata mara moja, ufunguo unakwenda kwa shemeji yako."

Shemeji yangu! Yule aliyekuwa ameshaangusha trekta la kikundi mtaroni mara mbili, tena mchana, tena barabara ikiwa kavu. Nilimwambia mama mkwe kwamba mtu huyo hawezi hata kurudisha toroli kinyumenyume. Alikuwa mwanawe, lakini hakunipinga.

"Basi fanya kitu," akasema. "Mimi nimekufikishia."

Ndiyo maana nilikuwa nimekwenda kwa yule fundi. Fundi wa pili naye alitaka kuongea na mzee. Wa tatu alisema niache gari wiki tatu. Wiki tatu! Ningeliacha wiki moja tu, shemeji angekuwa ameshaazima lori mahali na kazi imekwisha kuwa yake. Nikaacha kuwatafuta mafundi, nikaingia kwenye duka la vipuri la Mhindi mmoja karibu na soko. Huyo angalau alinitazama usoni. Nilimweleza mzigo, barabara na kishindo. Akafungua kitabu kinene chenye picha, akalamba kidole, akafunua kurasa mpaka akafika alikotaka.

Pichani palikuwa na shokabzoba, lile bomba la mafuta linalozuia gari lisirukeruke, lakini hili lilikuwa limevishwa springi nene kuanzia juu mpaka chini, vitu viwili vimekuwa kimoja.

"Hii natoa ile ya zamani, nafunga hii pahali yake," akasema. "Springi ya gari inabaki. Hii nasaidia. Mzigo ikija, gari hapana lala."

"Nani atafunga?"

Akainua mabega. "Bolti moja chini, nati moja juu. Wewe jua spana?"

Nilijua spana. Baba yangu mzazi alikuwa akitengeneza baiskeli sokoni Ekerenyo, na nilipokuwa msichana mimi ndiye niliyemshikia gurudumu. Mikono yangu ilijua nati iliyokaza na nati iliyokufa kabla sijajua kusoma. Nikamwambia Mhindi aagize mbili. Akasema zitatoka Nairobi na kufika kwa basi siku ya Ijumaa.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Msabato yeyote anajua shida ya Ijumaa. Jua likizama, Sabato imeingia. Jembe linawekwa chini, moto umeshawashwa, chakula kimeshapikwa, na hakuna mkono unaogusa kazi mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Na jua la Jumamosi likizama tu, sisi huku tulianza kukusanya maziwa ya siku mbili, ili Jumapili alfajiri yawe njiani. Ule ulikuwa mzigo mzito kuliko wote wa wiki, na kila mtu alijua kwamba Jumapili hiyo ndiyo ningepimwa. Kwa hiyo nilikuwa na saa za Ijumaa mchana peke yake.

Tangu Jumatano nilikuwa nimezipaka zile bolti kuukuu mafuta ya taa na oili chafu, asubuhi na jioni, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Ijumaa nikapeleka maziwa, nikarudi, nikangoja barabarani. Basi lilifika saa saba. Utingo aliniteremshia sanduku la mbao, na nikalibeba kichwani mpaka nyumbani bila kupumzika.

Nililiweka gari katikati ya uwanja wangu, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yote. Nikavaa ovaroli ya reli ya mume wangu, nikaikunja miguuni mara tatu, nikajifunga kitambaa kichwani, nikatandika gunia chini na kujiingiza uvunguni.

Nati za juu zilitoka bila ubishi. Bolti ya chini ya kulia ilitoka baada ya kuchomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana na kulivuta kwa miguu yote miwili. Ile ya kushoto ilinitukana. Ilinipiga kwenye vifundo vya vidole mpaka damu ikatoka, nikaitukana pia, kwa Kigusii, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ilipolegea nilipiga kelele ya furaha hadi kuku wakakimbia.

Kisha nikafanya kosa. Juu ya kila kifaa kipya palikuwa na mipira na vyuma vyembamba vya duara vya kupangwa kimoja baada ya kingine, nami kwa haraka nikavipanga chuma kwanza, mpira baadaye. Nilipokaza nikasikia chuma kikikwaruza chuma. Nikajua kabisa nimekosea, na bado nikajidanganya kwa dakika kadhaa kwamba haidhuru. Mwishowe nikafungua yote nikaanza upya. Kosa hilo lilinilia saa nzima, na saa sikuwa nazo.

Sasa, jambo jingine. Mhindi hakuniambia, na pengine hakujua, kwamba vifaa vile vilikuwa vimetengenezwa kukaa kwenye gari lililokwisha kubeba mzigo. Pikapu tupu ilisimama juu, na tundu la chini la kifaa likabaki likining'inia juu ya mahali pa bolti. Nikatoka, nikapanga mikebe yote kumi nyuma ya gari, nikaijaza maji kutoka kwenye tangi la mvua, ndoo baada ya ndoo. Mama mkwe alinikuta katika kazi hiyo. Alichukua ndoo ya pili, tukasaidiana mpaka mikebe ikajaa. Pikapu ikashuka. Nikarudi uvunguni, na upande wa kulia bolti iliingia kwenye tundu lake kwa utii ambao sikuutarajia.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja niliposikia mama mkwe akikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kunionya.

Baba mkwe alikuwa ameteremka kutoka kwake, tayari amevaa koti lake la ibada ya kufungua Sabato. Mtu alikuwa amempelekea habari kwamba mke wa mwanawe anafungua gari. Alikuja kwa hatua za mtu anayekwenda kukomesha jambo. Alipopita pengo la ua wangu wa michongoma, akaona pikapu, na chini ya pikapu akaona miguu yangu miwili imetokeza.

Sisi Wagusii tuna chinsoni. Sijui neno moja la Kiswahili linaloibeba yote. Ni heshima iliyochanganyika na haya, na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe ndipo inapokaza zaidi. Baba mkwe haingii nyumbani kwako. Hakupi mkono. Hakuoni umelala, hata ukiwa mgonjwa. Na mimi hapo nilikuwa nimelala chali mchana kweupe, miguu imepanuka kwa sababu hakuna namna nyingine ya kukaza bolti.

Niliona viatu vyake vikisimama ghafla. Niliona vikigeuka. Alirudi nyuma ya michongoma upesi kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, na kofia yake ikabaki imenaswa na miiba.

Mama mkwe aliponisimulia baadaye sura ya mzee alilazimika kukaa chini. Mimi pale uvunguni sikucheka. Nilikuwa nikifikiri. Nilifahamu kwamba nikitoka, nikasimama, nikajifunga leso na kuinamisha kichwa, atakuja kunikataza na nitalazimika kukatazika. Lakini kadiri nilivyolala pale, hakuna mzee wa kanisa wala mwenyekiti aliyeweza kukanyaga uwanja ule. Basi sikutoka.

"Mwambie mokamwana atoke huko chini," sauti yake ikaja kutoka nyuma ya michongoma. Mokamwana ni mke wa mwana, na hilo ndilo jina alilokuwa akiniita tangu nilipoolewa; mimi nilimwita Tata, yaani baba.

Mama mkwe akainama. "Anasema utoke."

Nilikuwa nimesikia. Hata ng'ombe walikuwa wamesikia. "Mwambie Tata kwamba nikitoka kabla ya bolti hii, gari halitembei Jumapili."

Mama mkwe akainuka. "Anasema gari halitatembea Jumapili."

"Mwambie hiyo si kazi ya mwanamke."

"Anasema si..."

"Mwambie nimeshafunga upande mmoja. Aje aukague, kama anataka."

Nilijua nimevuka mpaka. Lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia.

"Mwambie amevaa suruali," sauti ikasema, imepanda sasa. "Nimeiona. Nyumbani kwangu!"

"Mwambie Tata ovaroli hii imenifunika kuanzia shingo hadi visigino. Gauni langu la kanisani halinifuniki hivyo, na hajawahi kulilalamikia."

Mama mkwe hakuinama tena, wala hakuinuka. Alisimama katikati ya uwanja na mikono kiunoni. "Mimi si posta," akasema. "Nyote mna masikio. Semeni wenyewe."

Nikarudi kwenye kazi, kwa sababu jua lilikuwa halingoji ugomvi wetu. Na upande wa kushoto ulinikatalia. Nimesema pikapu ililala zaidi upande wa dereva. Upande wa kushoto springi ilikuwa bado na nguvu zake, kwa hiyo mzigo ule ule ulioshusha kulia haukutosha kushusha kushoto. Tundu na mahali pa bolti vilipishana kwa upana wa vidole viwili.

Nilitoka kwa upande wa pili, nikiwa nimechuchumaa ili gari linikinge na michongoma. Nikapanda nyuma, nikaiinamisha mikebe mmoja mmoja na kuizungusha kwa ukingo wake wa chini, namna tunavyofanya kiwandani, mpaka yote kumi ikasongamana pembe ya kushoto. Nikarudi chini. Kidole kimoja. Nikamwomba mama mkwe apande akae juu ya mikebe. Alipanda, mwili wake mwembamba kama ufito, akakaa na kuniuliza kama imeshuka. Ingekuwa vilevile kama angepanda kuku.

Hapo nguvu ziliniisha. Nilikuwa nimeshikilia kifaa kile kwa mkono mmoja na bolti kwa mkono mwingine, grisi ikinidondokea shingoni. Niliuona ufunguo ukiwa kwenye kidole cha shemeji akiuzungusha. Nilisikia honi ikipigwa na mtu mwingine. Nilianza kulia, na kwa kuwa hakuna aliyeniona, nililia vizuri.

"Kuna nini sasa?" sauti ikauliza kutoka nyuma ya michongoma. Haikumwambia mama mkwe aniambie. Iliuliza tu.

Mama mkwe, huko juu, akanyamaza makusudi.

"Ni uzito, Tata," nikasema. "Gari linataka uzito upande huu. Limebaki kidole kimoja."

Halafu nikasikia matawi yakisukumwa. Nikageuza kichwa, na kutoka chini ya pikapu nikaona visigino. Visigino vya baba mkwe wangu, vikija kwangu. Alikuwa anatembea kinyumenyume. Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa wenye maziwa, alivuka uwanja wangu mgongo ukiwa mbele, akipapasa ardhi nyuma yake kwa bakora, uso wake ameuelekeza magharibi.

"Kushoto," mama mkwe akamwelekeza kutoka juu ya mikebe. "Hapana, kushoto kwako. Jiwe. Haya. Simama. Sasa kaa."

Akakaa kwenye pembe ya nyuma ya pikapu, na koti lake la ibada, na mwili wake wote uliokula ugali wa miaka sitini. Chuma kikalia. Pikapu ikashuka taratibu, ikashuka tena kidogo, na tundu likaja mbele ya macho yangu.

"Kukaa si kazi," akasema hewani, hakumlenga mtu.

Nikasukuma bolti. Ikaingia nusu, ikakwama. Nikaigonga kwa nyundo. Ikaingia robo nyingine. Nikaiangusha nati, ikabingirika, nikaitafuta kwenye vumbi kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikaipata, nikaanza kuizungusha. Ilishika uzi vibaya. Nikaifungua, nikaanza tena. Tena.

Nilipokuwa nikiingia uvunguni mara ile ya mwisho, kivuli cha gurudumu kilikuwa kimenyooka mpaka ukutani mwa nyumba yangu. Sasa nilitazama, na kivuli hakikuwapo. Uwanja wote ulikuwa wa rangi moja. Kuku walikuwa wanapanda kulala, mmoja mmoja, bila kelele. Nilijua maana yake. Nati ilikuwa imeshika mizunguko mitatu tu, na nati ya mizunguko mitatu haifiki hata daraja la mbao.

Baba mkwe alikuwa amekaa juu, ameelekea magharibi, hana kitu mbele yake isipokuwa anga. Kama kuna mtu aliyeliona jua wilayani mwetu jioni ile, ni yeye. Na yeye ndiye mzee aliyewahi kumsimamisha mtu mbele ya kanisa zima kwa kufunga mzigo wa kuni Ijumaa baada ya jua kuzama.

Niliushika ule mkono wa spana nikamuuliza, moja kwa moja, bila kumpitisha mtu.

"Tata, jua limezama?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Juu ya mikebe, mama mkwe naye hakujitikisa, maana yeye pia alikuwa na macho.

"Bado lipo," akasema. "Kaza."

Nikakaza. Nilikaza mpaka spana ikakataa kwenda, kisha nikachomeka bomba la maji nikakaza tena. Niliposema "Tayari", aliinuka, na pikapu ikapanda na kutulia, imebeba mzigo bila kulala kwa mara ya kwanza tangu nilijue gari lile. Akaenda zake moja kwa moja, bila kugeuka. Kwenye michongoma akachukua kofia yake, akaipangusa, akaiweka kichwani.

"Mwambie mokamwana Jumapili asichelewe," akasema kwa sauti kubwa. Mama mkwe hakuona haja ya kunifikishia.

Jumapili alfajiri nilipakia mikebe kumi ya maziwa ya siku mbili, imejaa mpaka shingoni. Kwenye daraja la mbao nilipunguza mwendo, nikashika usukani kwa nguvu, nikangoja kishindo. Pikapu ilinesa mara moja, ikanyooka. Kiwandani nilishusha mikebe kumi, nikafunua vifuniko kumi, na hakuna hata mmoja uliopungua. Habari za ufunguo hazikusikika tena, si kwenye mkutano, si mahali pengine popote. Shemeji aliniamkia kwa adabu mpya ambayo haikumkaa vizuri.

Sikuwahi kumshukuru baba mkwe. Chinsoni haituruhusu mazungumzo ya namna hiyo, na hata ingeturuhusu nisingejua pa kuanzia. Aliishi miaka mingi baadaye, akaendelea kuwa mkali wa Sabato kuliko wazee wote, na sikupata kusikia kwamba alidanganya mahali pengine popote. Wakati mwingine nilimwonea uchungu kwa neno lile moja alilolibeba kwa ajili ya nati yangu. Lakini sitajifanya mtakatifu hapa. Ningekaza hata kama angesema limezama. Yeye alinijua vizuri, alijua kwamba ningekaza, na ndiyo maana alisema bado lipo.